Karabiner 98k ya urithi: kubadili mtutu bila kuiharibu risiva

Bunduki yenyewe ni Karabiner 98k, bunduki ya jeshi la Ujerumani ya Vita vya Pili vya Dunia yenye mfumo wa Mauser 98, na juu ya risiva (mwili wa chuma unaoshika mtutu na bolti) imegongwa "byf 43". Herufi byf zilikuwa alama ya siri ya kiwanda cha Mauser pale Oberndorf, na 43 ni mwaka 1943. Imekaa kabatini miaka mingi, mwenyewe ameshafariki, na mrithi wake, aliye na kibali, anataka kuwindia. Ana malalamiko matatu. Haipigi sehemu moja. Bolti, yaani komeo linalofunga nyuma ya mtutu, inainuka kwa shida baada ya kufyatua. Na baadhi ya maganda yanatoka na mstari unaong'aa kuzunguka ganda, juu kidogo ya kitako chake. Ombi lake ni mtutu mpya, na ikiwezekana abadilishiwe risasi kutoka 8x57, risasi yake ya asili, kwenda .30-06, ambayo ni ndefu zaidi.

Lalamiko la kwanza ni la mtutu, hilo halina ubishi. La tatu linaweza kuwa la mtutu, la bolti au la risiva, na kila moja lina tiba yake. Mtutu mpya kwenye risiva iliyobonyea ndani ni hasara mara mbili: fedha imekwenda, na hatari imebaki palepale.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote

Kwanza namba. Kwenye 98k iliyotoka kiwandani, namba ya risiva hurudiwa kwenye mtutu, bolti, kifuniko cha magazini na vipande vingine vidogo. Bunduki yenye namba zote za asili, kitako cha asili na alama zake zote haiguswi: thamani yake kwa wakusanyaji inazidi chochote itakachopata porini, na ukishatoboa tundu moja la darubini hakuna kurudi nyuma. Mwenye bunduki ya namna hiyo anashauriwa aiuze au aitunze, akanunue ya kuwindia.

Hii haikuwa ya namna hiyo. Namba ya bolti ilikuwa tofauti na imechorwa kwa kalamu ya umeme, kitako kimepakwa shelaki nyekundu iliyokolea, na kwenye risiva kuna alama ya X. Hizo ni dalili za bunduki zilizotekwa na Wasovieti: baada ya vita karakana zao zilizifungua kwa wingi, zikasafisha vipande, zikaviunganisha upya bila kujali kipi kilitoka wapi, kisha zikaandika namba mpya ili zilingane. Kwa mkusanyaji zina thamani ya chini, kwa hiyo kuibadilisha hakuna dhambi kubwa. Ila kwa fundi taarifa hiyo ina uzito mwingine kabisa: bolti hii haikuzaliwa na risiva hii.

Jambo la pili ni sheria. Katika nchi nyingi mtutu ni kipande kinachodhibitiwa sawa na bunduki nzima, na kubadili aina ya risasi kunadai kibali kibadilishwe kabla ya kazi kuanza, si baada. Katika nchi wanachama wa C.I.P., tume ya kimataifa ya kupima usalama wa silaha, bunduki iliyobadilishwa mtutu hurudi kupimwa kwa risasi maalumu zenye shinikizo la asilimia 25 juu ya kikomo. Kwa 8x57 IS kikomo hicho ni bar 3,900.

Uchunguzi

Mtutu wa zamani ulisafishwa kwa maji ya moto kwanza, ndipo mafuta. Fataki nyingi za kijeshi za zamani, yaani viwashio vya baruti kitakoni mwa ganda, zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi. Chumvi hiyo huvuta unyevu na haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo bunduki iliyopakwa mafuta tu baada ya kupigwa risasi za aina hiyo huendelea kuliwa chini ya mafuta yaleyale. Hapa kutu ilikuwa imechimba mashimo kwenye mifuo inayozungusha risasi, tangu shingo ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo ganda hukaa) hadi nusu ya mtutu. Mdomo nao umepanuka upande mmoja, kazi ya fimbo za chuma za kusafishia zilizokuwa zikisugua mlemle kwa miaka. Mpira laini wa risasi ya plumbi uliosukumwa kutoka nyuma ulikwenda kwa kukwama mwanzoni, kisha ukalegea kabisa karibu na mdomo. Mtutu huo hauokoleki.

Bolti inayoinuka kwa shida inahitaji kusikilizwa kwa mkono. Mauser 98 hukoki wakati wa kufungua, kwa hiyo uzito kiasi mwanzoni mwa kuinua ni wa kawaida. Uzito ukiwa mwishoni mwa kuinua, pale ambapo bolti inaanza kulichomoa ganda, shida iko kwenye chemba: ganda limeshika kwenye ukuta wenye kutu. Lakini uzito ukianza mwanzoni kabisa, na haupungui hata pini ya kufyatulia ikitolewa, mshukiwa ni risiva. Meno ya bolti, yanayoikomea ndani ya risiva, yamejichimbia mashimo kwenye viti vyake, na kila ukiinua mpini unayapandisha kutoka shimoni. Hapa uzito ulikuwa mwishoni. Dalili njema.

Ikafuata nafasi ya ganda, yaani umbali kati ya uso wa bolti na bega la chemba. Hupimwa kwa geji mbili: geji ya NDIYO, ambayo bolti lazima ifunge juu yake, na geji ya HAPANA, ambayo bolti haipaswi kufunga. Tofauti kati yao ni kama milimita 0.1 hadi 0.15 tu. Kabla ya kupima, ondoa pini ya kufyatulia na ile kucha ndefu ya kuvutia ganda, kisha sukuma mpini kwa ncha ya kidole. Mkono mzima unaweza kuilazimisha bolti ifunge hata pale isipopaswa, na geji ikaharibika. Bolti hii ilifunga kwenye HAPANA bila kusita.

Nafasi iliyozidi ndiyo iliyochora ule mstari unaong'aa. Ganda likifyatuliwa, kuta zake za mbele hushika chemba, halafu kitako kinarudi nyuma mpaka kikutane na bolti, na shaba inavutika pale inapoanza kuwa nyembamba. Ukichukua waya mwembamba, ukaukunja ncha na kuupitisha ndani ya ganda lililopigwa, utahisi mfereji upande wa ndani. Ganda lililofika hapo likipigwa tena linaweza kukatika vipande viwili na kumwaga gesi ndani ya risiva.

Nani alaumiwe? Kwa taa ndogo na kioo cha daktari wa meno, viti vya meno ndani ya pete ya mbele ya risiva vilionekana laini, bila ngazi wala ukingo uliosukumwa. Chuma cha Mauser za zamani ni laini kiasi kwa ndani na kimekomazwa kwa moto na kaboni juu, hivyo kina ngozi ngumu juu ya moyo unaohimili mshtuko. Ngozi ikipasuka au ikisagwa, moyo laini hubonyea. Hapa ngozi ilikuwa nzima. Meno ya bolti yalipopakwa rangi ya buluu ya mafundi na kufungwa mara kadhaa, rangi ilifutika kwenye jino moja tu. Ndipo jibu lilipopatikana: bolti ngeni, inayoegemea jino moja, ndani ya chemba iliyochongwa kwa ajili ya bolti nyingine. Risiva ilikuwa salama. Ingekuwa imebonyea, kazi ingeishia hapo, na hakuna mtutu wa bei yoyote ambao ungeirekebisha.

Kwa nini .30-06 ilikataliwa

Paul Mauser hakuchora magazini kwa kukisia. Risasi zinapojipanga safu mbili za kupishana, upana wa ndani unaofaa ni kipenyo cha kitako cha ganda mara 1.866. Kwa ganda la 8x57, lenye milimita 11.95 hivi, jibu ni kama milimita 22.3. .30-06 ina kitako karibu sawa, hivyo upana hausumbui. Urefu ndio unaosumbua: 8x57 ni milimita 82 kwa ukomo, .30-06 ni 84.84. Magazini ya 98k huipokea kwa kubana, na fundi asiye na subira hukimbilia kukata ukuta wa mbele na mteremko wa kulishia. Chuma hicho cha mbele ndicho kinachokaa nyuma ya kiti cha jino la chini. Kila milimita inayokatwa hapo inatoka kwenye mgongo wa jino hilo. Zipo 98 nyingi zilizobadilishwa kwenda .30-06 na zinafanya kazi vizuri. Mafundi wake walichonga kidogo, wakajaribu, wakachonga tena. Lakini kwa mwindaji wa wanyama wa ukubwa wa kati hakuna anachokipata kinacholipa hatari na kazi hiyo. .308 nayo ni fupi mno, milimita 71, inacheza ndani ya magazini mpaka iwekewe kizuizi nyuma.

Uamuzi ukawa 8x57 IS, na kama mrithi angetaka teke dogo begani, 7x57, ambayo imo katika familia ileile ya maganda na inalishwa na reli zilezile. Hapa pana onyo moja. Mitutu ya zamani ya mwanzo, ya 1888, ilichukua vichwa vya risasi vya milimita 8.08. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1900 jeshi la Ujerumani lilihamia vya milimita 8.22, na hiyo ndiyo IS. Kichwa kikubwa kwenye mtutu mdogo hupandisha shinikizo vibaya sana. Kwa sababu hiyo risasi za 8x57 za viwanda vya Marekani zimepunguzwa nguvu makusudi. Mtutu mpya uandikwe IS kwa herufi zinazosomeka.

Kung'oa mtutu wa zamani

Bolti, kizuizi cha bolti, triga na kitako vyote hutoka kwanza. Mafuta ya kupenya kutu huwekwa kwenye ungio la mtutu na risiva kwa siku kadhaa. Mtutu hubanwa kwenye jiliwa la mitutu kati ya vipande vya mbao ngumu vilivyonyunyiziwa unga wa ulimbo ili usizunguke, na spana maalumu hushika pete ya mbele ya risiva. Pete ya mbele tu. Spana inayoshika mkia wa risiva, au nondo inayopitishwa kwenye njia ya bolti, hupindua reli, na bolti haitapita tena bila kukwaruza.

Mtutu ukikubali, huachia ghafla kwa mlio mkavu. Ukihisi spana inavutika kama mpira, simama, kitu kinapinda. Hapa uligoma. Dawa ilikuwa kerezo: mfereji mwembamba ulikatwa kwenye mtutu, milimita mbili tatu mbele ya risiva, ili kuondoa mkazo wa bega la mtutu. Mtutu unatupwa, hakuna cha kuhurumia. Baada ya hapo ulitoka kwa nguvu ya kawaida. Kinachokatazwa kabisa ni moto. Gesi ya kuchomelea kwenye pete ya risiva italegeza thredi, kweli, na italegeza pia ule ugumu uliokuwa ukishika meno ya bolti.

Meno mawili, kazi moja

Kabla ya mtutu mpya kuguswa, bolti ilisagwa kidogo kwa vumbi laini la kusagia, bolti ikisukumwa nyuma kwa springi kutoka mbele huku mpini ukiinuliwa na kushushwa. Baada ya mara chache, husafishwa na kupakwa buluu. Lengo lilikuwa jino la pili lianze kugusa vizuri. Kung'ang'ania meno yote mawili yang'ae uso mzima ni njia ya kuitoboa ile ngozi ngumu. Lilipoanza kufuta rangi kwenye nusu ya uso wake, kazi ilisimamishwa. Kusaga hutangulia kuchonga chemba siku zote, kwa kuwa kila unachosaga kinaongeza nafasi ya ganda.

Kufunga mtutu mpya

Mauser za pete kubwa zina thredi za kipenyo cha inchi 1.100, thredi 12 kwa inchi, pembe ya digrii 55. Tahadhari na mitutu iliyochongwa kwa digrii 60: inaweza kuingia kwa kulazimisha huku ikishika kwenye ncha tu za thredi. Ndugu zake wa Yugoslavia, M48, wana risiva fupi kidogo, kwa hiyo vitako na baadhi ya vipande havibadilishani hata kama vinafanana machoni.

98 ina pete ya ndani, ukingo wa chuma ndani ya risiva, na uso wa nyuma wa mtutu ndio unaoegemea hapo. Uso huo ni bapa, hauna umbo la faneli. Mtutu ukiingizwa kwa mkono na buluu kwenye uso wake, rangi lazima ifutike kuzunguka pete hiyo, huku bega la nje likiacha mwanya kama unene wa karatasi. Bega la nje likitangulia kugusa, mtutu utaonekana umekaza ilhali ndani unaelea. Hapa bega liligusa kwanza, likapunguzwa kidogo kidogo kwenye kerezo mpaka pete ya ndani ikashika. Kisha grisi kwenye thredi, na kukaza kwa Nm 100 hadi 130.

Mtutu huu ulinunuliwa na chemba iliyoachwa fupi kwa milimita 0.25 hivi, ili fundi aimalizie kwa bolti husika. Humaliziwa kwa rima (kikatio chenye umbo la chemba) yenye mpini mrefu unaopita ndani ya risiva, mafuta ya kukatia yakiwa mengi. Huzungushwa kuelekea saa tu, hata wakati wa kuitoa: ukiirudisha kinyume, makali yake huvunjika au hukwaruza ukuta. Baada ya mizunguko michache hutolewa, chemba na rima husafishwa vipande vyote, kisha geji. Kipande kimoja cha chuma kilichobaki begani kitakudanganya kwamba bado, utaendelea kukata, na chuma ulichokata hakirudishiki.

Mwishoni spidi hushuka kabisa. Bolti iliposhuka juu ya geji ya NDIYO kwa uzito wa kidole, kipande cha utepe wa plastiki wenye unene wa milimita 0.05 kilibandikwa nyuma ya geji hiyo. Bolti ikagoma. Hapo ndipo pa kuacha. Geji ya HAPANA ilijaribiwa tu kwa kumbukumbu.

Darubini, mpini, usalama

Mpini wa 98k unashuka chini lakini unagonga darubini ya chini, na usalama wa bawa unaogeuka juu hauwezi kupita kabisa. Mpini ulichomelewa upya, bolti ikiwa imefungwa vitambaa vyenye maji, na mbele na nyuma kuna vizuizi vya joto, ili meno na ngazi ya kukokia visilainike. Usalama ulibadilishwa kwa ule wa pembeni. Jaribio lake ni rahisi na wengi hulisahau: bunduki tupu, weka usalama, vuta triga, achia, ondoa usalama. Pini ikianguka, usalama haufai.

Kwenye kutoboa risiva kwa ajili ya vishikio, skrubu ya mbele ikiwa ndefu hutokeza ndani ya pango la meno, na bolti inagoma kufunga siku ya kwanza. Wasiojua huilaumu chemba mpya.

Kitako

Kitako cha kijeshi hakikukatwa. Kilifungwa kikahifadhiwa, kwa kuwa mfereji wake wenye ngazi haufai mtutu wa umbo jipya, na kitako kilichokatwa hakimfai tena mtu yeyote. Hata baadhi ya 98k zilizobebwa na askari kurudi Marekani mwaka 1945 zimekatwa chini ya pete ya mtutu ili ziingie kwenye mikoba ya askari, na wakusanyaji huzipunguzia bei hadi leo.

Kitako cha kuwindia kilitandikwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu. Skrubu ya mbele ya 98 inapita ndani ya ndewe ya kupokea teke, chini ya pete ya mbele, na uso wa nyuma wa ndewe hiyo ndio unaobeba mpigo wote. Mbele, pembeni na chini yake pabandikwe utepe tabaka mbili, nyuma pabaki wazi, ili epoksi ikikauka iguse nyuma tu. Nta ya kuachanisha ipakwe kila mahali, pamoja na thredi; matundu yote yajazwe udongo wa kufinyangia. Ukisahau tundu moja, risiva na kitako vinakuwa kitu kimoja. Nyuma ya mkia wa risiva paachwe mwanya wa milimita moja, kwa sababu mkia unaogusa mbao huupasua mkono wa kitako baada ya mapigo machache. Sanduku la magazini nalo licheze kidogo. Likibana dhidi ya risiva, kukaza skrubu hupinda risiva, na kila ukiifungua na kuifunga inapiga mahali pengine. Saa 24 za kukauka, kisha skrubu ya mbele ikazwe kwanza, ya nyuma baadaye. Mtutu uliachwa ukielea: karatasi ipite bila kukwama kutoka ncha ya kitako hadi karibu na risiva.

Risasi za kwanza

Risasi za kwanza zilipigwa bunduki ikiwa imefungwa kwenye egemeo, kamba ndefu ikivuta triga, watu wakiwa nyuma ya ukuta. Kila ganda liliangaliwa kabla ya lingine: fataki haijabonyea kupita kiasi, hakuna mstari juu ya kitako, na waya uliokunjwa haukukuta mfereji ndani. Bolti iliinuka kwa wepesi mpaka mwisho. Risasi zilizotumika zilikuwa za kuwindia, zenye kichwa laini. Zile za kijeshi zenye kichwa kilichovikwa metali ngumu zinapenya mnyama bila kufunguka na katika sheria nyingi haziruhusiwi kuwindia.

Geji ya HAPANA itarudiwa baada ya risasi 50 za kwanza, halafu kila msimu. Kama bolti itaanza kufunga juu yake, au uzito ukaonekana mwanzoni mwa kuinua mpini, bunduki isipigwe tena: maana yake jino lililosagwa limepata sehemu laini, na mtutu haukuhusika.